Salamu za Ijumaa Kutoka Ruhuwiko

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha kufutia vumbi kabla sijakabidhiwa kompyuta. Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Songea, na juu ya mlango palikuwa na kibao kilichoandikwa "Uchapaji, Fotokopi, Faksi na Intaneti". Mwenye ofisi, Bwana Ndunguru, alikuwa fundi wa simu aliyepunguzwa kazini mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa. Mimi nilitoka shule ya uhazili. Taipureta niliijua vizuri, lakini kompyuta nilikuwa nimeiona kwa mbali tu. Bwana Ndunguru akanionyesha namna ya kufuta kioo bila kukikwaruza na namna ya kuifunika mashine kwa kanga kuukuu wakati wa kufunga ofisi.

"Kesho utaifuta tena, Dada Restituta," alisema. "Na keshokutwa."

Nilidhani nimeajiriwa na mtu mwenye usafi wa kupitiliza.

Nyinyi mliobaki ofisini mliniomba, siku ile mliponiaga kwa soda na keki, niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya kutunza tovuti za wateja. Mambo ya kubonyeza mnayajua, na mengi mlinifundisha nyinyi. Nitawaandikia yale ambayo hayamo kwenye mashine.

Miaka ile neno tovuti lilikuwa bado halijazoeleka. Tulisema websaiti, na wateja wengine walisema "kile kitu cha Ndunguru". Waliopunguzwa kazini walikuwa wakifungua biashara kila kona ya mji: mashine za kusaga, maduka ya vipuri, nyumba za wageni. Bwana Ndunguru alikuwa na ulimi mzuri, akawashawishi baadhi yao kwamba mtu aliyeko Dar es Salaam, au hata ng'ambo, anaweza kuwaona bila kupanda basi. Tulichapa maneno wenyewe pamoja na alama zake zote, mstari kwa mstari. Picha tulizipitisha kwenye skana, kisha tukazisukuma kwa laini ya simu iliyokuwa ikikoroma kama mtu mwenye mafua. Picha moja ya chumba cha wageni ilichukua muda wa kuivisha maharage, na umeme ukikatika katikati, unaanza kuyachagua upya.

Shida yetu kubwa haikuwa umeme. Wateja waliichukua websaiti kama kibao cha dukani: ukishakipaka rangi na kukipigilia ukutani, umemaliza. Bwana Ndunguru hakukubaliana nao. Kila Jumatatu asubuhi alinitaka nifungue kurasa za wateja wote, mmoja baada ya mwingine, nizisome kama mgeni ambaye hajawahi kufika Songea. Nibonyeze kila kiungo. Nitazame kama picha zinafunguka. Jina la websaiti hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo nihakikishe hakuna la mteja linalokaribia kuisha. Nitoe nakala ya kila kitu kwenye diski na kuzifunga ndani ya nailoni. Mwisho nipige simu kila namba iliyoandikwa pale, nisikie nani anapokea.

Hilo la mwisho nililiona la kipuuzi mpaka namba za simu za mezani zilipobadilishwa. Jumatatu moja nilipiga namba ya fundi seremala wa Mfaranyaki, akapokea sista wa kanisani. Akaniambia kwa upole kwamba kwa muda sasa amekuwa akipigiwa na watu wanaotaka vitanda vya futi sita, na kwamba anawaombea. Mwenye duka la mabati yeye alipuuza kulipia jina lake. Waliolichukua walikuwa watu wa mbali, wakaweka humo matangazo ya dawa za kuotesha nywele. Mteja huyo alikuwa na upara, na mji mzima ukadhani amejitania mwenyewe.

Lakini mteja ninayetaka kuwaeleza ni Mzee Alto Ngonyani wa Ruhuwiko.

Alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa, alichukua kiinua mgongo chake akajenga nyumba ya wageni nyuma ya nyumba anayoishi. Vilikuwa vyumba vichache tu, vyenye vyandarua vizima na maji ya moto ya kuoga kwenye ndoo, jambo ambalo mtu aliyewahi kulala Songea mwezi wa saba atalithamini. Wateja wake wengi walikuwa wapita njia wa kwenda Tunduru: wanunuzi wa mawe ya vito, wafanyabiashara wa korosho, watu wa miradi, na wenyeji wa kule wanaofanya kazi Dar. Barabara ya Tunduru wakati huo haikuwa na lami. Kiangazi ilikuwa vumbi, na masika, ukiondoka unaaga vizuri.

Mzee Ngonyani ndiye mteja pekee aliyeelewa websaiti kabla yetu sisi wenyewe. Kila Ijumaa asubuhi alipitia stendi kwanza. Hakuwauliza madereva habari za barabara, maana dereva anayetafuta abiria atakwambia barabara ni nzuri hata akiwa amesimama ndani ya tope. Alizunguka Landrova zilizoingia kutoka Tunduru, akatazama matope yamefika wapi: kwenye tairi, kwenye mlango, au kwenye kioo. Kisha alikuja ofisini, akavua kofia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu nami, akaniambia nini cha kuandika. Maneno yalikuwa machache. "Salamu kutoka Ruhuwiko. Tope limefika kwenye milango. Mwenye haraka asubiri, asiye na haraka aje tule naye maharage mapya. Ngonyani."

Watu walimwandikia barua pepe kutoka kila upande kumuuliza barabara. Akawajibu mmoja mmoja, mimi nikichapa. Baada ya muda hata wasiolala kwake walikuwa wakifungua ukurasa wake kabla ya kukata tiketi. Wakija, walikuwa wanamjua tayari.

Aliugua mwishoni mwa kiangazi kimoja, siku chache tu, akafariki. Tulimzika. Misa ilijaa, jumuiya walikesha na familia, wadogo zake walitoka Mbinga na Peramiho. Arobaini ilipopita nilikwenda Ruhuwiko kumuona mjane wake, Mama Ngonyani. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanua mashuka ya wageni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika ncha hiyo tukunje."

Tukakunja mashuka. Kisha nikamwambia kwamba ukurasa wa Mzee bado una maneno ya Ijumaa yake ya mwisho, na ingefaa tuubadilishe kidogo.

"Kubadilisha nini?"

"Habari za barabara, Mama. Mvua zikianza hazitakuwa kweli. Na lile jina la Mzee."

Aliendelea kukunja. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, asiyepandisha sauti.

"Nguo zake wamegawana wadogo zake," alisema. "Baiskeli imekwenda Mbinga. Kitanda nimekihamisha kwa sababu silali. Kule kwenu ndiko alikobaki anaongea. Mwacheni."

Nilirudi nikamweleza Bwana Ndunguru.

"Ukurasa sasa ni wa mjane," alisema. "Hatuugusi bila ruhusa yake. Lakini usiache kuufungua kila Jumatatu. Siku akikuuliza ulivyo, uwe unajua."

Basi kila Jumatatu niliufungua. "Salamu kutoka Ruhuwiko. Barabara ya Tunduru ni kavu kabisa, Landrova zinapita bila kusukumwa. Karibuni wote. Ngonyani." Mvua za Desemba zikaanza. Nilisikia maji yakipiga bati la ofisi, na mbele yangu Mzee anasema ni kavu kabisa. Nilimwendea Mama Ngonyani mara ya pili, akabadilisha mazungumzo, akanipa maembe ya kwenda nayo nyumbani. Wageni walikuwa wamepungua. Alisema ni sababu ya mvua.

Mwezi wa kwanza, asubuhi ya Jumanne, aliingia ofisini mwanamume wa makamo, tope limemkauka hadi magotini. Nilimtambua. Alikuwa Rashidi, mtu wa Nakapanya, ng'ambo ya Tunduru, aliyekuwa akifanya biashara ya korosho Dar. Alishalala Ruhuwiko mara nyingi, na barua zake kwa Mzee nilikuwa nimezichapia majibu mimi mwenyewe.

"Dada, samahani," alisema. "Hapa ndipo mnapoandika habari za Mzee Ngonyani?"

"Ndipo hapa."

"Naomba kujua kama anaumwa. Mimi sikuja kulalamika. Ila mzee yule hajawahi kunidanganya kuhusu barabara, ndiyo maana nimepata wasiwasi."

Nikamwambia akae. Nikamweleza kwamba Mzee alifariki kabla ya mvua.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema, akafunika uso kwa mikono yake. Alipoiondoa alikuwa ananitazama kama mtu aliyepotea njia. "Lakini mimi nimesoma salamu zake wiki iliyopita."

Halafu akanieleza yaliyompata. Mama yake, Bi Zainabu, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho hospitalini Songea. Rashidi alikuja kutoka Dar kumrudisha nyumbani Nakapanya. Angeweza kumwacha kwa ndugu zao wa Majengo mpaka mvua zipungue, na ndivyo alivyokusudia. Kabla ya kupanda basi alifungua ukurasa wa Mzee, akaona ni kavu, akabadilisha mawazo. Alifika Songea jioni, kukicha wakapanda Landrova. Walikwama porini wakalala hapo na abiria wengine, mvua inawanyeshea, yule mama amejifunika turubai na bandeji ikiwa imelowa. Lori lililokuwa likirudi Songea ndilo lililowaokoa. Jicho moja lilikuwa limevimba, na usiku huo akalazwa tena.

Bwana Ndunguru, aliyekuwa amesikia yote, alinyanyuka akachukua koti lake la mvua akampa. "Restituta, nenda naye Ruhuwiko," alisema. "Anataka kutoa pole."

Njiani Rashidi aliniomba nisimwambie mama wa watu habari za barabara. Alisema mfiwa haongezewi mzigo. Nami nikakubali.

Mama Ngonyani alitukaribisha sebuleni. Rashidi alitoa pole kwa maneno mazuri, akasimulia jinsi Mzee alivyowahi kumwamsha alfajiri na chai ili asikose gari. Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza kwangu kumwona akicheka tangu msiba. Kisha akatazama suruali ya mgeni wake.

"Umetoka wapi na matope hayo, mwanangu?"

"Njia ya Tunduru, Mama."

"Mwezi huu? Nani alikudanganya upite njia ile mwezi huu?"

Rashidi akanitazama mimi, kisha sakafuni.

"Nakuuliza wewe," alisema Mama Ngonyani taratibu.

"Nilisoma salamu za Mzee, Mama. Nilijua yuko hai."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Mama aliuliza alikuwa na nani safarini. Rashidi akashindwa kuficha, akamweleza habari za mama yake. Mama Ngonyani alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda jikoni. Nilimfuata nikidhani amekwenda kulia. Nilimkuta anapuliza moto.

"Uji unachukua dakika chache," alisema. "Tafuta chupa ya chai, ile kubwa."

Akaenda hospitali na uji wake, amejifunga kitenge cheusi cha msiba. Alikaa na Bi Zainabu mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ulipokwisha.

Kesho yake, Jumatano, alikuja ofisini. Tangu tufungue ofisi hakuwahi kukanyaga pale. Mambo ya Ijumaa yalikuwa ya mumewe. Aliketi kwenye kile kiti, akaomba nimfungulie ukurasa. Nikaufungua. Alisoma polepole, kidole chake kikifuata mstari bila kugusa kioo.

"Ni maneno yake kabisa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Alipokuwa hai asingekubali yakae hapo hata wiki mbili."

Akaniomba nimchapie yale maneno kwenye karatasi. Nikamchapia, akaikunja akaiweka kwenye pochi. Kisha akasema tuandike. Nilimwuliza tuandike nini, akasema hajui, yeye si mtu wa maneno. Tukakaa. Wateja wa fotokopi walikuja wakaondoka, Bwana Ndunguru akiwahudumia yeye mwenyewe ili nisibanduke. Mwishowe Mama akasema, nami nikachapa: "Salamu kutoka Ruhuwiko. Mzee Alto Ngonyani amefariki. Ni mimi mkewe ninayeandika. Barabara ya Tunduru ni mbovu sana. Tafadhali msije kwa sasa."

"Mama," nilimwambia, "tusiwafukuze wateja. Tuseme tu barabara ni mbovu."

"Waje wakiwa wazima," alisema. "Acha hivyo hivyo. Nionyeshe pa kubonyeza."

Nikamwonyesha. Akabonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama mtu anayepigilia muhuri. Ndipo alipolia.

Kulikuwa na jambo jingine. Mzee alikuwa na sanduku lake la barua pepe kwenye mashine yetu, na tangu afariki hatukulifungua. Nilimwuliza Mama kama naruhusiwa. Akaitika kwa kichwa. Lilikuwa limejaa. Barua zote zilikuwa za kumuuliza barabara, na kadiri majuma yalivyopita, maswali yalikuwa yamebadilika. Mzee, mbona kimya? Mzee, tumekukosea? Mzee, mimi ni yule mwenye kikohozi uliyempa asali, naomba tu unijulishe u mzima. Nilimsomea Mama moja baada ya nyingine, na kila moja tuliijibu.

Pole zilianza kuingia Ijumaa ya wiki ileile. Zilitoka Dar, Masasi, Lindi, nyingine kutoka ng'ambo kwa Kiswahili cha kujifunza. Mama alikuwa amedhani watu wa mbali walimsahau mumewe upesi. Kumbe hawakuwa wameambiwa. Aliniomba nimsomee pole moja mara mbili, ya dereva wa mradi, iliyosema kwamba kila akipita Namtumbo hupunguza mwendo bila kujua kwa nini, halafu hukumbuka kwamba ni Mzee aliyemwambia pale pana korongo.

Bi Zainabu alitoka hospitalini baada ya muda. Jicho la kulia lilipona, la kushoto likabaki na ukungu. Mama Ngonyani hakutaka kusikia habari za Majengo. Alimchukua akampa chumba cha mbele, chenye jua la asubuhi. Rashidi alirudi Dar kwenye biashara yake. Wale wanawake wawili walikaa pamoja masika yote, mmoja akisali swala zake chumbani na mwingine akisali rozari barazani, na wakati wa chai wakakutana.

Ijumaa walikuja ofisini wote wawili. Mama alipitia stendi kwanza, akatazama matope kwenye Landrova. Bi Zainabu alisema jicho lake moja linatosha kwa kazi hiyo, na mara nyingine walibishana mbele yangu kama tope limefika kwenye mlango au chini yake.

"Andika mlangoni," Mama aliniambia siku moja.

"Andika chini ya mlango," alisema Bi Zainabu. "Mwenzangu anaogopa."

"Mimi siogopi. Wewe ndiye unataka kwenda nyumbani."

Wakatazamana, Bi Zainabu akanishika mkono. "Mwandikie mlangoni, mwanangu," alisema.

Msimu ulipokauka wageni walirudi, wengi kuliko mwaka uliotangulia. Wengine walisema nyumba inayokukataza kuja wakati wa hatari ni nyumba ya kulala. Bwana Ndunguru alitaka tuutumie mfano huo kuwashawishi wateja wengine walipie matunzo ya kila mwezi. Nilimkatalia. Alikubali, ingawa nilimwona siku nzima akinung'unika.

Rashidi alikuja kumchukua mama yake mwezi wa sita. Mama Ngonyani aliwafungia mahindi ya kuchoma na dagaa wa Nyasa, akamfunika Bi Zainabu kwa shuka lake mwenyewe, akamkagulia Landrova tairi kwa tairi huku dereva akimtazama kwa mshangao. Sikuwepo walipoagana, nilisimuliwa na jirani. Alisema hawakusema mengi.

Ijumaa iliyofuata Mama Ngonyani alichelewa kuja. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa na kumsubiri. Alipoingia alikuwa anahema, ametembea haraka kutoka kwa jirani mwenye simu, ambako Rashidi alikuwa amempigia kutoka Tunduru, alikorudi kutafuta simu. Hakuketi.

"Andika," alisema. "Salamu kutoka Ruhuwiko. Vyumba vipo. Barabara ni kavu mpaka Nakapanya."

Nikasimamisha vidole. Stendi ya Songea haikuwa na gari lililoweza kutuambia habari za mbali kiasi hicho, na Mzee mwenyewe hakuwahi kuandika zaidi ya Tunduru.

"Tuna uhakika, Mama?"

"Tunao," alisema, akavuta kiti. "Ndugu yangu amefika."